Chumba Kisichopitisha Upepo

Nyumba yetu ya Thornton Heath, huku kwa Waingereza, ilikuwa na upepo wake wenyewe. Siusemi upepo wa nje, huo ni wa watu wote. Nausema wa ndani. Mwezi wa Januari, madirisha yote yamefungwa na boila la kupashia nyumba joto linanguruma, ukikaa sebuleni unaliona pazia linacheza. Mume wangu, dereva wa basi na mtu wa maskhara, akisema tumenunua nyumba pamoja na jini lake. Ilikuwa ya matofali, ya zamani sana, dohani katika kila chumba na mbao za sakafu zimeachana hata ukiangusha sindano usiitafute tena. Tuliinunua miaka ya tisini kwa sababu ndiyo tuliyoimudu, na kwa sababu nyuma, juu ya jikoni, kilikuwapo chumba cha kumweka mama.

Mama alikuja kutoka Wete, Pemba, baada ya baba kufa. Kaka yangu yuko Muscat, dada yangu yuko Kilburn kwenye fleti ya kupanga na watoto watatu, na kule nyumbani hakubaki mtu wa kumtazama. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Kweli nyingine ni kwamba nilimtaka mwenyewe. Nilikuwa nimekaa miaka kumi bila ya mama na sikutaka kukaa kumi mingine.

Chumba chake ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Kuta tatu zilitazama nje, na paa liliinama juu ya kitanda, katikati ya vigae na kichwa cha mama hapana kitu ila vipande vya mbao na plasta kuukuu. Asubuhi kioo cha dirisha kinatoka jasho. Kwenye pembe ya ukuta palikuwa na ukungu mweusi, naupangusa kwa dawa, wiki ya pili umerudi. Mama alilala na soksi na sweta mbili na kanga kichwani, chini ya mablanketi, umetoka mkono mmoja tu wa kushikia tasbihi. Na pamoja na hayo yote, akiamka jambo la kwanza ni kufungua dirisha.

"Mama, unafungulia nini? Nje kuna barafu!"

"Nyumba iliyofungwa inanuka watu," akinijibu, na huku anatetemeka.

Ndivyo alivyolelewa. Nyumba ikipambazukiwa hufunguliwa, hewa ya usiku ikatoka, ndipo mtu akafagia. Tena alikuwa na udi wake. Kila Alhamisi baada ya alasiri alitia makaa kwenye chetezo cha udongo alichokuja nacho ndani ya sanduku, kimezungushiwa mataulo kama yai, akafukiza chumba, na siku za kuamkia Idi akafukiza nguo za nyumba nzima. Alikuwa na kitenga cha fito kinachofunikwa juu ya chetezo, nguo zikatandazwa juu ya kitenga zikanywa moshi, moja moja, bila ya haraka. Vile vidonge vya makaa vya kuwasha kwa kiberiti vinavyouzwa Edgware Road alivikataa, akisema vinanuka baruti. Alitaka makaa ya kweli, ya mti. Basi mimi nikawa nabeba mfuko wa makaa kutoka Edgware Road, nikapanda nao treni ya chini kwa chini, nikabadilisha treni, watu wananitazama. Na siku ya kufukiza alifungua dirisha lote, hata theluji ikianguka. Mie nilidhani anafungua ili majirani wasikie harufu wajue na sisi tumo.

Nifike kwenye kazi yangu, kwa sababu bila ya hiyo mtu hatanielewa. Nilikuwa nawahudumia wazee majumbani kwao, huko Croydon na pande zake. Nawaamsha, nawaogesha, nawapa uji na dawa, nakwenda kwa mwengine. Alikuwapo mzee mmoja wa Kiingereza, mpole, mwembamba, aliyekuwa akiniambia kila siku kwamba nimechelewa hata nikiwahi. Asubuhi moja ya baridi kali nilifungua mlango wake nikamkuta kitini na koti lake, kikombe kiko mapajani, dirisha limefanya barafu kwa ndani. Alikuwa amekufa kwa baridi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, katika mji huu wenye kila kitu. Nilimgusa mkono, na ubaridi ule nikarudi nao nyumbani, nikaingia nao chumbani kwa mama, nikamfungia dirisha kwa kishindo bila ya hata kumsalimu.

Majira yaliyofuata mama alipata nimonia. Alilazwa wiki tatu. Daktari aliyemruhusu, msichana mdogo kuliko mimi, aliniuliza analala chumba cha namna gani, nikamweleza. Akasema chumba hicho kikibaki vile, mama yako hatamaliza baridi nyingine.

Nilimfasiria mama kila kitu isipokuwa hilo la mwisho. Lakini alikuwa amekwisha kulisoma usoni mwangu.

"Nirudishe Wete, mwanangu," alisema. "Nikafe na jua langu."

"Hufi popote," nikamwambia. "Nakitengeneza chumba."

Na kweli nilikitengeneza. Wakati ule povu la kupuliza ndani ya kuta na paa kuzuia baridi lilikuwa kitu kigeni, wengi hawajalisikia. Mwanamke mmoja tuliyefanya kazi pamoja, nyumba yao ilikuwa imefanyiwa, akaniambia darini kwake sasa unaweza kulala na shati. Nikampata fundi, mzee wa Kiairishi wa kule Kilburn karibu na kwa dada yangu, mtu wa vumbi na maneno machache. Alikuja akapandisha ngazi, akagongagonga paa, akatingisha kichwa. Akaninyoshea kipande cha povu lenyewe nilishike. Lilikuwa laini, unalibonya linarudi, limejaa vitundu vidogo visivyoonekana. Alisema hili unyevu linaupitisha kidogo, lakini upepo halipitishi hata chembe. Niliyapenda maneno hayo kuliko shairi.

Walivunja plasta yote ya paa na ya kuta, mbao zikabaki wazi kama mbavu. Tukahama siku tatu kwa dada yangu, watu tisa katika fleti yake, kwa sababu ya harufu ya dawa. Siku ya kupuliza nilikwenda kuchungulia mlangoni. Wanaume wawili wamevaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima na vifuniko vya uso, mmoja ameshika mpira mrefu unaotoka garini. Alipuliza uji mwembamba baina ya mbao, na uji ule ukaumuka hapo hapo, kama unga wa maandazi uliozidi hamira, ukajaza kila upenyo, ukatokeza nje ya mbao. Walisubiri ukauke, wakaukata kwa msumeno ukawa sawa na ukuta. Baadaye wakapigilia mbao za jasi juu yake, wakapaka rangi. Dohani ya mle ndani nikawaambia waizibe. Dirisha nikawaambia watie jipya, la vioo viwili, lenye mpira pembeni.

Fundi aliniuliza jambo moja kabla ya kufunga kazi. Aliniuliza tundu la hewa aliweke wapi. Kwenye ukuta wa nje palikuwa na tofali la zamani lenye matundu, na alitaka kulisafisha aliache wazi, au atoboe mahali pengine atie feni ndogo.

"Ukifunga nyumba namna hii," alisema, "lazima uipe pua."

Nilimwambia sikumleta mama yangu kutoka hospitali nimwekee tundu la upepo kichwani. Alinieleza tena, polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto. Hapo ndipo nilipoharibika. Mimi nina hasira za karibu, na kitu kinachoniwasha upesi ni Mzungu kuniambia jambo polepole. Nikamwambia nyumba ni yangu na kazi imekwisha. Akainua mabega, akaliacha tofali lile wazi, akaenda zake. Alipoondoka nikalifunika kwa mkanda mpana wa gundi tabaka mbili, nikabandika karatasi ya ukuta juu yake, ya maua, nzuri, hata ungekuwa unalijua usingelijua lilipo.

Sikupata kuona furaha kama ya mwezi ule. Mama aliingia chumbani akasimama katikati, akanyosha mkono juu, akashuka nao kwenye pembe palipokuwa na ukungu. Akavua sweta moja. Jioni akavua la pili. Watoto wangu walihamia kwake, wanalala tumbo chini juu ya zulia na kazi zao za skuli. Yeye anawasemesha kwa Kiswahili, wao wanamjibu kwa Kiingereza, na wanaelewana vizuri tu.

"Bibi, it's so nice in here," mdogo alimwambia.

"Naam," alisema mama. "Mamenu ameniletea Pemba."

Alipona kifua. Mwezi wa Novemba ukapita bila ya kikohozi. Nilikuwa nikiingia chumbani mwake nikitoka kazini, na mkono wangu bado una baridi ya barabarani, nasimama tu nipigwe na lile joto. Nilijisifu. Niliwasifia watu mpaka wakachoka, kwenye simu na kaka yangu, kwenye harusi, msikitini.

Ugomvi wetu ulibaki mmoja, nao ni dirisha. Asubuhi bado alilifungua. Nami nilikuwa nikimfokea, na kufoka ndilo neno, siwezi kulipunguza. Mama, joto lote unalitoa nje. Mama, tumefanya kazi yote hii ya nini? Mama, unataka kurudi hospitali? Mara moja nilimwambia mbele ya watoto kwamba hathamini alichofanyiwa. Alilifunga mwenyewe, akaketi kitandani na kuokota tasbihi yake. Tangu siku hiyo akawa ananiuliza. Mwanamke aliyenizaa, aliyekuwa akiendesha nyumba ya watu kumi na tano, akawa ananiomba ruhusa ya kufungua dirisha la chumba chake.

Ramadhani mwaka ule iliangukia kwenye baridi. Siku ya mwisho, kesho Idi, nilikuwa nashuka ngazi asubuhi na koti langu, mume wangu amekwisha ondoka na basi lake, watoto wameshika mikoba. Mama hakuwa akifunga kwa ajili ya dawa zake. Alisimama mlangoni kwake na chetezo mkononi. Nyuma yake, kitandani, amepanga nguo za Idi: kanzu za mume wangu na za mwanangu, gauni la binti yangu, buibui langu, yote yamepigwa pasi.

"Leo nafukiza," alisema. "Kazi nyingi, itanichukua mchana kutwa. Dirisha nifungue?"

"Mama, tafadhali. Chumba kitapoa, na mie narudi magharibi. Fukiza na dirisha lifungwe, harufu si ndiyo itakaa vizuri zaidi?"

"Haya," akasema. "Haya, mwanangu. Nitafunga."

Nilimpigia simu saa sita mchana nikiwa kwenye kituo cha basi, baina ya mgonjwa mmoja na mwengine. Alichelewa kuipokea. Alisema amebakisha nguo mbili. Alisema kichwa kinamwanga, presha hiyo, na tumbo limemchafuka kidogo.

"Meza dawa yako ulale," nikamwambia.

"Nazimaliza hizi kwanza."

"Una joto?"

"Joto lipo, alhamdulillahi. Joto tele."

Nilirudi kiza kinaingia. Watoto nilikuwa nimewapitia kwa jirani. Nikapanda ngazi, na harufu ya udi ilikuwa nzuri hata nikasimama kidogo pale juu kuivuta, na saumu yangu. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Nilifurahi. Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa, kwa sababu ndilo linaloniamsha mpaka leo: kitu cha kwanza nilichokihisi ni furaha, kwamba chumba kina joto.

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea kitanda, kichwa kimeinamia bega. Kitenga kiko mbele yake na gauni la binti yangu limetandazwa juu. Makaa yalikuwa mekundu bado, yanawaka taratibu kwenye majivu. Nguo nyingine zote zimekunjwa, zimepangwa juu ya kiti, kila mtu na zake. Nilimwita. Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa na joto, kwa hiyo kwa muda nisioujua ni mrefu kiasi gani nilikaa naye pale nikimwambia amka, nikimwambia watoto wamekuja. Kisha kichwa changu mwenyewe kikaanza kuzunguka. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilililalia lile dirisha kwa mikono miwili mpaka mpira wake ukaachia.

Watu wa gari la wagonjwa walifanya walichoweza, pale chini kwenye zulia la watoto. Walitutoa sote nje, tukasimama kwenye baridi ya barabarani. Waliingia na kifaa cha kupimia hewa, wakatoka wanatazamana. Mmoja wao alinieleza kwamba makaa yanatoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba chumba kimezibwa vizuri mno. Miaka yote ile mama alifukiza katika chumba kibovu na hakudhurika, maana hata dirisha lingefungwa, upepo ulikuwa unapita kwenye paa, kwenye dohani, kwenye sakafu. Jini la mume wangu ndilo lililokuwa likimlinda.

Maiti haikuzikwa siku ile wala siku ya Idi. Kifo cha namna ile kina sheria zake, na lazima maiti ichunguzwe. Afisa mmoja, mwanamke, alikuja jikoni kwangu kuandika maelezo. Alikuwa na huruma. Aliandika kuhusu povu, akaandika kuhusu lile tundu, nikamwonyesha mwenyewe karatasi ya maua na mkanda uliokuwa chini yake. Hilo sikulificha. Kisha akaniuliza: mama yako alikuwa na kawaida ya kufukiza na dirisha limefungwa?

Dada yangu alikuwa amekaa pembeni yangu, ameshika mkono wangu. Mume wangu amesimama kwenye sinki.

"Alikuwa haipendi baridi," nikasema.

Afisa akaandika. Kabla ya kuondoka akaniambia jambo, alisema ananiambia ili nisishtuke. Sumu ile huiachia ngozi wekundu, na nikimwona mama nitamwona amependeza kama mtu mzima wa afya. Ni sumu tu, alisema, isinipe mawazo.

Walitukabidhi maiti siku ya nne. Tulimwosha kwenye chumba cha nyuma cha msikiti, wanawake watano: mimi, dada yangu, na waosha watatu, watu wa Pemba wote, mkubwa wao mwanamke aliyesoma chuo cha Kurani pamoja na mama utotoni. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo juu ya ukuta, nalo liko wazi. Walipofunua uso, yule mkubwa akauinamia. Kisha akaniita karibu.

Mashavu ya mama yalikuwa na rangi. Midomo ilikuwa na rangi. Mikunjo ya paji la uso imefutika. Katika miaka yote ya Thornton Heath sikupata kumwona hivyo, alikuwa na sura ya mtu aliyetoka kuoga maji ya moto.

"Subhanallah," alisema yule mkubwa. "Tazama mwenzangu alivyonawiri. Nimeosha wengi mimi, mwanangu, uso kama huu sijauona. Huyu amekwenda na radhi. Ameridhika nawe, umemtunza."

Wenzake wakasema ndivyo. Mmoja alianza kulia kwa furaha. Dada yangu akanikumbatia na kunambia sikioni, "Umesikia? Ameridhika nawe." Neno lilinijia kinywani lote zima, nalo lilikuwa fupi: aliniuliza, na mimi nikamwambia afunge. Wote walikuwa wananitazama kwa mapenzi. Nilisema alhamdulillahi.

Tukamwosha. Maji niliyamwaga mimi, yule mkubwa akipitisha mkono. Tukamkausha, tukamtia karafuu maiti kwenye viungo vya sijida, na ikabaki sanda. Sanda kwetu haivishwi kavu, hufukizwa kwanza. Yule mdogo wao alitoka akarudi na chetezo, makaa yamekwisha kolea, akatia kipande cha udi. Moshi ukapanda. Walinyosha sanda juu ya chetezo, wanne, kila mmoja na pembe yake, mimi nimesimama kando na taulo.

Upepo wa Disemba uliingia kwa lile dirisha dogo, ukausukuma moshi upande. Yule aliyeleta chetezo akaachia pembe yake, akavuta kigoda, akapanda kulifunga.

"Baridi," alinambia kama anayeomba radhi. "Na udi wote unatoka nje."

"Liache wazi," nikasema.

Alinitazama, mkono uko kwenye komeo. Sauti yangu ilikuwa imepanda, yule mkubwa akageuka. Nilisema tena, kwa adabu safari hii, kwamba mama yangu alipokuwa akifukiza alipenda dirisha liwe wazi. Akashuka kwenye kigoda, nami nikashika pembe ya sanda aliyoiacha.